Mazimwi ya Marehemu Yalipopigwa Mnada

Tarehe 30 Aprili na 1 Mei, 2009, karibu na jiji la Los Angeles nchini Marekani, kampuni ya mnada ya Profiles in History ilinadi mali ya mtu mmoja aliyeitwa Forrest J Ackerman, aliyekuwa amefariki dunia tarehe 4 Desemba, 2008, akiwa na umri wa miaka 92. Marehemu hakuwa na visima vya mafuta wala mashamba. Mali yake ilikuwa mazimwi. Palikuwa na pete na joho vya mwigizaji Bela Lugosi, yule aliyevuma kwa kuigiza maiti inyonyayo damu. Palikuwa na nakala ya chapa ya kwanza ya kitabu cha Dracula cha mwaka 1897, yenye saini ya mtungaji wake Bram Stoker. Palikuwa na picha, magazeti, vinyago vya kutisha na masalia ya filamu za watu waendao mwezini kabla mtu yeyote hajafika mwezini. Kila fungu lilitajwa, likapandishwa bei, likagongewa nyundo, likaenda na mwenye fedha.

Ndugu msomaji wa Unguja na Pemba, na wewe ofisa uliyeletewa gazeti hili mezani, mna haki ya kuuliza: mazimwi ya Mmarekani yanatuhusu nini? Tunaandika maneno haya tukiwa Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru, mahali ambapo tangu mwaka 1953 hufundishwa watu wa kuendesha ofisi za umma, kwanza watumishi wa serikali za mitaa, kisha Chuo cha Uongozi wa Maendeleo tangu 1972, na Chuo Kikuu tangu 2001. Utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka ni miongoni mwa masomo yanayofundishwa hapa. Kwa mtu aliyekaa karibu na somo hilo, mnada ule si habari ya mchezo. Ni habari ya jinsi hazina iliyokusanywa kwa maisha mazima inavyoweza kutawanyika kwa siku mbili bila ya mtu yeyote kuvunja sheria.

Bwana Ackerman alianza kukusanya alipokuwa mtoto. Tangu mwaka 1958 alihariri gazeti la Famous Monsters of Filmland, lililowafundisha vijana wa nchi ile kuziangalia filamu za kutisha kama kazi za mafundi, si kama upuuzi tu. Nyumba yake ikajaa mpaka kwenye ngazi. Katika kilele chake mkusanyo huo ulisemekana kufikia vitu 300,000, na siku za Jumamosi alikuwa akiwafungulia mlango wageni, wake kwa waume, waingie watazame bila ya malipo. Alikuwa, kwa maneno mengine, amekwisha kuanzisha jumba la makumbusho. Kilichokosekana ni mwenyewe wa jumba hilo baada yake. Kwa miaka mingi alitafuta mji au taasisi itakayoupokea mkusanyo wote kwa pamoja, hakufanikiwa. Mwaka 1987 sehemu ilinadiwa akiwa hai. Mwaka 2002, baada ya maradhi na gharama za kesi, aliihama nyumba ile kubwa na kuuza vingine vingi. Mnada wa mwaka 2009 basi haukuwa wa kwanza. Ulikuwa wa kufagia yaliyobaki.

Wapo watakaosema kwamba hapana hasara iliyotokea, maana vitu havikuchomwa moto. Vimo majumbani mwa watu wengine wanaovipenda. Hoja hii ina ukweli, na wala hatuwalaumu warithi, wala dalali. Dalali kazi yake ni kunadi. Lakini pete moja katika sanduku la tajiri ni pambo. Pete hiyohiyo ikiwa pamoja na barua, picha, tiketi na magazeti ya wakati wake ni ushahidi: inatueleza nani aliitengeneza, nani aliivaa, watu walilipa kiasi gani kuitazama, na waliogopa nini katika mwaka ule. Mnada huuza vitu, na ule uhusiano wa kitu na kitu haununuliwi na mtu. Hupotea palepale nyundo inapogonga.

Kuna filamu moja inayotuonyesha upande wa pili wa jambo hili. Nayo ni Metropolis, iliyotengenezwa Ujerumani na Fritz Lang na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1927, habari ya mji wa siku zijazo ambamo mabwana wanakaa juu kwenye maghorofa na wafanyakazi wanataabika chini ya ardhi, na mwanamke wa chuma anatengenezwa ili awapoteze wafanyakazi hao. Ackerman aliipenda kuliko filamu zote. Lakini filamu aliyoipenda haikuwa nzima. Muda mfupi baada ya kutoka ilikatwa ili iwe fupi, na vipande vilivyokatwa vikahesabiwa kuwa vimepotea kwa karibu miaka 80. Ndipo mwaka 2008 ilipogunduliwa nakala iliyo karibu kutimia, katika Jumba la Makumbusho ya Filamu mjini Buenos Aires, Argentina. Ilifikaje huko? Mhakiki mmoja wa filamu, Manuel Peña Rodríguez, alikuwa ameihifadhi katika mkusanyo wake binafsi. Mkusanyo huo ukaingia katika mfuko wa serikali wa sanaa, na baadaye, mwaka 1992, ukakabidhiwa jumba hilo. Hakuna aliyeitilia maanani kwa muda mrefu. Ilikaa rafuni tu. Lakini ilikuwa rafuni mwa umma, na ilikuwa na namba. Kwa hiyo siku alipotokea mtu mwenye kuuliza, ilipatikana. Takriban dakika 25 zilizosadikiwa kuwa zimekufa zikafufuka, na mwaka 2010 filamu ikaonyeshwa upya.

Mwaka huohuo wa 2008 watu wawili wenye mapenzi yaleyale wakawa wamefikia miisho miwili tofauti: wa Argentina aliurejeshea ulimwengu filamu, na wa Marekani akaacha mafungu ya kunadiwa. Mapenzi yao hayakupungukiana. Kilichowatenga ni serikali moja kuwa na mlango wa kupokelea na nyingine kutokuwa nao.

Metropolis hiyo ndiyo inayotuleta Unguja. Mwaka 1984 bendi ya Queen ya Uingereza ilipotoa wimbo wa Radio Ga Ga, picha za filamu hiyo zilitiwa katika video yake. Na mwaka huohuo mwimbaji wa bendi hiyo aliimba wimbo mwingine kwa ajili ya toleo jipya la Metropolis lililotayarishwa na Giorgio Moroder. Mwimbaji huyo ni Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi ambaye baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na ambaye familia yake iliondoka mwaka 1964. Queen ndio waliotia muziki katika filamu ya Flash Gordon ya mwaka 1980, na jalada la sahani yao ya mwaka 1977 lilichorwa jitu la chuma lililotoka katika gazeti la hadithi za kubuni za kisayansi. Kwa hiyo mtoto huyu wa Shangani naye alikuwa jirani wa mazimwi ya Ackerman.

Tunajua kwamba jina lake huzua mabishano Visiwani. Mwaka 2006 sherehe iliyokusudiwa kufanywa kwa kumbukumbu ya kuzaliwa kwake ilipingwa na haikufanyika. Tabia za marehemu ziko kwa Mola wake, na ukurasa huu hauzipimi. Tunazungumza juu ya mali.

Mwezi Septemba, 2023, kampuni ya Sotheby's ilinadi mjini London vitu vilivyokuwa nyumbani kwake, vilivyohifadhiwa kwa miaka zaidi ya 30 na Mary Austin, aliyerithishwa nyumba hiyo. Yalikuwa mafungu zaidi ya 1,400, yakanadiwa katika minada sita, na jumla ikafika karibu pauni milioni 40. Piano yake ilikwenda kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Karatasi alizoandikia kwa mkono wimbo wa Bohemian Rhapsody zilikwenda kwa karibu pauni milioni 1.4. Mlango wa kijani wa bustani yake, uliochorwachorwa na wapenzi wake, ulikwenda kwa pauni 412,750. Enyi watu wa Mji Mkongwe, mnaojua mlango ni nini, mlioona milango ya mninga na ya msaji yenye nakshi na misumari ya shaba ikiuzwa kwa bei ya kutupa, lisomeni tena tarakimu hilo. Wasikilizaji wapatao 140,000 wa muziki wake, kabla ya mnada, walipanga foleni kutazama vitu hivyo vikiwa bado pamoja. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Lakini kipo kitu kimoja cha Freddie Mercury ambacho hakikuwamo, na hicho ndicho tunachotaka viongozi wetu wakitazame. Alipokuwa mtoto alikusanya stempu, akazipanga kwa ustadi katika daftari. Mwaka 1993, miaka miwili baada ya kifo chake, baba yake alilitoa daftari hilo linadiwe, na fedha zikaenda kwenye mfuko wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa kwa jina lake. Aliyelinunua ni Posta ya Uingereza. Leo limo katika Makumbusho ya Posta mjini London, na mwanafunzi yeyote aweza kulitazama, ukurasa kwa ukurasa, kama mtoto yule alivyolipanga. Mnada ni uleule, dalali, nyundo, na familia yenye haki ya kuuza. Tofauti ni kwamba siku ile miongoni mwa wanunuzi alikuwamo mjumbe wa chombo cha umma, mwenye idhini ya kutumia fedha na mahali pa kukiweka kitu.

Sisi je? Mwaka 2019 nyumba ya makumbusho ya Freddie Mercury ilifunguliwa Shangani, kwa jitihada za watu binafsi, na watalii wanaiingia. Ni jambo jema. Lakini tusidhani kwamba habari imekwisha hapo, maana hazina iliyo katika hatari zaidi si ya mwimbaji wa London. Ni ile iliyo chini ya vitanda vyetu.

Visiwa hivi vilikuwa na majumba ya sinema tangu zamani. Royal ilifunguliwa mwaka 1921, ikaungua mwaka 1954, na mwaka uliofuata ikasimama mahali pake Majestic ya Vuga. Wazee wetu waliangalia humo filamu za Kihindi zenye pepo na nyumba zilizohamwa, na za Kimarekani zenye majitu. Mabango ya karatasi yaliyobandikwa ukutani, vikaratasi vya ratiba, tiketi, daftari za mapato, barua za kuagiza mikanda ya filamu: vyote hivyo vilishikwa na mikono ya watu ambao baadhi yao bado wako hai, na watoto wao wamerithi masanduku. Anapofariki mzee, nyumba husafishwa siku ya arubaini. Karatasi huenda jalalani. Wala hapo hapana mnada. Laiti ungekuwapo, angalau ingejulikana nini kilikuwamo.

Kadhalika filamu zetu wenyewe za kutisha. Mwanzoni mwa karne hii, bara, Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta, filamu zilizotengenezwa kwa kamera za video na kuuzwa katika kanda, zikaangaliwa katika mabanda ya mitaani kutoka Magomeni hadi Michenzani. Wasomi wa Ulaya wameziandikia vitabu na makala. Wenye akili za juu wa kwetu walizicheka kwa sababu damu ilionekana kuwa rangi. Hata filamu za Ackerman zilichekwa hivyohivyo, na joho lililochekwa ndilo lililogombewa mnadani. Tena sisi tuna la ziada. Mazimwi yetu hayakutoka katika vitabu vya Stoker. Yametoka katika hofu za kweli za majirani zetu. Mwaka 1995, habari za Popobawa zilipoanzia Pemba zikaingia Unguja mpaka zikavuka bahari kwenda Dar es Salaam, watu wazima walilala nje ya nyumba zao makundi kwa makundi. Mtu akitaka leo kujua nyumba zile zililala vipi, redio ilisema nini, masheikh waliusia nini, hana budi kutegemea kumbukumbu za vichwa vya watu, na vichwa hivyo vinapungua kila mwaka.

Ofisa wa fedha atatukatiza hapa. Atasema: serikali ina zahanati za kutia dawa na skuli za kutia madawati, na nyinyi mnataka tununue mazimwi? Tena atatukumbusha kwamba tarehe 25 Disemba, 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jengo lililokuwa makumbusho yetu wenyewe, ilianguka. Hoja ya pili inauma kwa sababu ni ya kweli. Hata hivyo hatuombi jengo, na kwa sasa hatuombi kununua hata kitu kimoja. Tunaomba orodha. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa katika Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam mwaka 1984, kikaibukia katika jumba la Barbier-Mueller mjini Geneva, kilirejeshwa mwaka 2010 kwa kuwa iliwezekana kutambua kilikotoka. Kitu kisichoandikwa popote hakina anakotoka. Aliyenacho mkononi ndiye mwenyewe. Karani mmoja, daftari moja na nauli ya daladala vinatosha kuanzia.

Halafu lije suala la umiliki, na hapa ndipo tuliposoma chuoni kabla ya skuli tunaona ajabu kwamba watu wanahangaika kutafuta dawa. Mirathi yetu imegawanywa kwa haki: mume, mke, mama, mabinti, kila mtu na fungu lake lililotajwa. Kwa shamba la mikarafuu au fedha taslimu, mgawanyo huo ni adili usio kifani. Lakini mkusanyo wa kanda mia tano ukigawiwa warithi tisa haubaki mkusanyo. Wahenga wetu waliliona hilo kwa upande wa vitabu. Ndiyo maana mwanachuoni aliyetaka vitabu vyake visitawanyike aliviandikia wakfu angali hai, na kuanzia hapo havikuuzwa wala havikurithiwa. Naye asiyetaka kwenda mbali hivyo aliweza kuusia, usia wake usipite theluthi ya mali. Hapa Uluguru nako, kwa mila za Waluguru wanaorithi upande wa mama, ardhi ya ukoo haikuwa ya mtu mmoja kuiuza. Kila aliyeilima alijua kwamba nyuma yake wako wajomba na mbele yake wako wapwa. Mila ni mbili na dini si moja, lakini zote zilitambua kwamba baadhi ya mali thamani yake imo katika kutogawanyika.

Zanzibar inayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Twaelewa kwamba masheikh watakuwa na la kusema juu ya kuwekwa wakfu picha za mazimwi, na pengine watakataa; waulizwe, wasirukwe. Lakini jina lenyewe la chombo hicho linataja pia amana. Mzee mwenye masanduku aweza kuandikiana mkataba wa amana na nyumba ya nyaraka ya Kilimani: vitu vibaki kwake maisha yake yote, avione, avipanguse vumbi, awaonyeshe wajukuu, akifa, viende Kilimani vikiwa pamoja, na familia ipewe nakala na, ikiwezekana, kifuta jasho kilichokubaliwa tangu mwanzo. Bei ya kukubaliana na mzee aliye hai barazani kwake ni ndogo. Bei ya mnadani tumekwisha kuiona.

Kuna sharti moja tungelisisitiza kwa maofisa. Watakapokwenda kwa wenye mali, wasiende kama wapekuzi. Watu wa Visiwani wana kumbukumbu ndefu juu ya mali zilizochukuliwa, na mzee akiona gari la serikali mlangoni atasema hana kitu, na usiku huohuo atavichoma. Aende mtu wa mtaa, anayejulikana, mwenye adabu ya kupiga hodi mara tatu na kurudi akikosa kuitikiwa. Stakabadhi itolewe kwa kila kipande. Na kitakachoazimwa kirudishwe siku iliyotajwa, maana ofisi ikichelewesha kurudisha picha moja ya harusi, mtaa mzima utafunga milango.

Wakati nao si mwingi. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kutengeneza mashine za kuchezea kanda za VHS, ilisimamisha kazi hiyo mwaka 2016. Mashine zilizobaki ni kuukuu, na vipuri hutolewa katika maiti za mashine nyingine. Utando wa kanda hunyonya unyevu, na hewa ya visiwa ina unyevu na chumvi. Ukungu mweupe ukishaingia, kazi ya mafundi ya kuokoa huwa ngumu zaidi. Wanafunzi wa kumbukumbu na nyaraka wanaosoma hapa Mzumbe hupelekwa mazoezini katika ofisi, na wengi huishia kupanga mafaili ya likizo za watumishi. Wachache wao, hasa waliotoka Visiwani, waweza kupelekwa Ng'ambo, Wete na Chake Chake na kazi hiyo moja ya kuorodhesha, chini ya usimamizi wa Kilimani. Wakianza kabla ya masika, zitakuwapo kanda ambazo bado zinacheza.